Dakika Arobaini na Nane

Kreni iliinyanyua Kozi siku ya Jumapili, jua linachomoza, kabla wenye maduka hawajafungua na barabara kuzibwa na mikokoteni. Moza Athumani alisimama katikati ya lami pale Mchafukoge, kamba mkononi, akiomba upepo usivume. Kozi ikapanda polepole, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikizunguka kidogo kama samaki kwenye ndoana. Ilipofika juu ya ghorofa ya sita ikatua kwenye paa la zege bila hata kugonga. Wapakiaji wakapiga makofi. Moza hakupiga.

Kozi ilikuwa ndege ndogo, injini moja, viti vinne, nyeupe yenye mstari wa bluu ubavuni. Mabawa yake, Moza alikuwa ameyafungua kwa mkono wake mwenyewe na kuyafunga kwa magodoro. Injini haikuwepo tena, ilishauzwa Arusha. Pangaboi lililobaki puani lilikuwa pambo tu, limeshikizwa kwa nati mbili.

Moza alikuwa fundi wa ndege. Mzaliwa wa Ilala, umri miaka hamsini na moja, na ishirini na sita kati ya hiyo aliitumia kwenye kiwanja kidogo cha Kwa Msumeno, pembezoni mwa jiji. Hakikuwa kiwanja cha kumtambia mtu: kipande chembamba cha lami, banda la mabati, soksi ya kuonyesha upepo juu ya mlingoti. Mnara wa kuongozea ndege hakikuwa nao. Rubani akikaribia aliita kwenye redio, na yeyote aliyekuwa bandani aliichukua na kumwambia upepo unatoka wapi na kama kuna ng'ombe njiani. Mara nyingi yeyote huyo alikuwa Moza.

Kisha nyumba zikaanza kukisogelea kiwanja. Waliohamia wakalalamikia kelele. Mafuta ya ndege ndogo yakaadimika, mpaka ukawa unaagiza pipa moja na kulisubiri mwezi mzima. Mwisho mwenye eneo akaamua kuuza viwanja vya makazi, akawapa wenye ndege siku tisini. Wenye uwezo walizihamishia mikoa mingine. Wengine waliwaita watu wa chuma chakavu, wakageuza nyuso zao pembeni msumeno ulipoanza kulia. Leseni ya Moza nayo ilikuwa imebakiza miezi mitano. Ili aihuishe ilimpasa aonyeshe kazi alizofanya kwenye ndege zinazoruka, naye hakuwa na hata moja.

Kozi ilikuwa ya Mzee Tulsidas, muuza vitambaa wa Mchafukoge, aliyeirusha kwa miaka arobaini. Sasa alikuwa na miaka themanini na mitatu, na ni mwaka wa pili tangu daktari wa macho akatae kusaini karatasi yake ya kurusha ndege. Mjukuu wake, Ankit, kijana mwenye haraka na moyo mzuri, ndiye aliyesema ndege isikatwe. Angefungua mgahawa juu ya jengo la familia, Kozi iwe katikati, watoto wapige picha ndani yake siku zao za kuzaliwa.

"Fundi, shikamoo," alisema Jumapili ile, akihema baada ya kupanda ngazi. "Nipe wiki moja tu. Iunge vizuri, ionekane kama itaruka kesho."

"Marahaba. Itaonekana," Moza alimjibu. "Kuruka ndiyo imeshamaliza."

Kwenye dashibodi ya ndege kama ile kuna kidirisha kidogo, ukubwa wa kiberiti, chenye tarakimu zinazojongea. Hiyo ndiyo saa ya injini. Huhesabu muda ambao injini imenguruma, saa na sehemu za kumi za saa. Bila injini na bila betri haisogei. Fundi akiifunga ndege huandika namba hiyo, na Moza aliiandika kwenye kadi akaifunga kwenye usukani: 4118.6. Kazi hiyo ilifanyika siku walipoondoka Kwa Msumeno.

Jumanne asubuhi, alipoingia kuanza kuunganisha mabawa, saa ilisoma 4119.4.

Alivua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena. Nimekosea kuandika, alijiambia, ingawa katika miaka ishirini na sita hakuwahi kukosea. Akaikata namba ya zamani, akaandika mpya, akafanya kazi mpaka saa saba, kama alivyopanga wiki ile, kabla paa halijawa tanuri.

Jumatano asubuhi ilisoma 4120.2. Safari hii hakufuta miwani. Alitoa simu, akapiga picha, kisha akafungua kifuniko cha betri. Kisanduku kilikuwa kitupu, na buibui ameshatanda humo. Alishuka chini kwenye duka la vitambaa akamuuliza Ankit kama kuna mtu anayechezea ndege.

"Ufunguo wa paa unao wewe peke yako, fundi."

"Najua ufunguo ninao. Nauliza kama kuna mtu."

Ankit alicheka, kisha akaona uso wake, akaacha.

Alhamisi ilikuwa 4121.0. Kila siku sehemu nane za kumi, bila kupungua, bila kuzidi. Moza hakuhitaji kalamu: dakika arobaini na nane. Akaamua siku hiyo hatafanya kazi nyingine. Alifungua mlango wa kulia wa Kozi, akakaa. Kiti cha kushoto ni cha mwenye ndege, na hata sasa hakuweza kukikalia.

Chini, kuelekea Kariakoo, mitaa ilikuwa inachemka. Spika za machinga zilipokezana bei, honi za bajaji zikagombana, na kutoka msikitini watu walikuwa wameshaswali adhuhuri na kutawanyika. Saa nane kamili mchana tarakimu ya mwisho ilianza kupanda, nyeupe, taratibu, kama jicho linalofunguka.

Na kelele zikakatika. Hazikufifia, zilikatika, kama mtu amefunga mlango. Usukani ulio mbele yake ukasogea wenyewe, ukamjia tumboni pole pole, ukakaa hapo, kisha ukarudi. Moza alitazama chini ya miguu yake. Kamba za chuma zinazounganisha usukani na mkia zilikuwa bado zimeviringishwa sakafuni, hajazifunga. Usukani ule haukuunganishwa na kitu chochote duniani.

Aligeuza uso dirishani, akitafuta kitu cha kawaida cha kukitazama. Jua lilikuwa kali. Tangi la maji la kule pembeni lilikuwa na kivuli chake juu ya zege, cheusi na kifupi. Ngazi ilikuwa na kivuli chake. Kozi haikuwa nacho. Zege lilimeremeta chini ya mabawa kana kwamba hakuna kilichosimama pale.

Moza alisoma kila aya aliyoijua. Hakufungua mlango, kwa sababu mwili wake wa kifundi ulimwambia kwamba mlango wa ndege haufunguliwi kabla haijashuka. Ilipofika saa tisa kasoro dakika kumi na mbili, kiti kilitikisika chini yake mara mbili, usukani ukalegea, na Kariakoo ikarudi yote kwa mpigo, spika, honi, mtu akimtukana mwenzake kuhusu mzigo. Kivuli kikawa mahali pake. Saa ilisoma 4121.8.

Alishuka ngazi za ghorofa zote sita bila kusimama.

*

Kesho yake, Ijumaa, alichukua daftari la safari za Kozi lililokuwa bado mikononi mwake akaenda nalo Upanga, kwenye ghorofa ya Mzee Tulsidas. Alijiambia anaenda kurudisha daftari. Mkewe mzee, Ranjanben, ndiye aliyemfungulia, mwanamke mdogo wa umbo, sari ya pamba, nywele nyeupe zimefungwa nyuma. Moza alimjua tangu ujana wake. Ndiye aliyekuwa akimtumia theplaa, zile chapati zao za viungo, za moto, Kwa Msumeno, mzee akija kuruka Jumamosi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Moza. Pita, binti yangu. Umekuja vizuri, karibu anasafiri."

"Anasafiri?"

Ranjanben alimwongoza sebuleni. Mzee Tulsidas alikuwa kwenye kiti chake cha mikono karibu na dirisha, shati jeupe limepigwa pasi, viatu miguuni. Alimwona Moza, uso ukamchangamka.

"Fundi wangu! Mambo ya Kozi?"

"Salama, mzee. Mabawa yameshakaa."

"Nimeyasikia," alisema. "La kushoto linavuta kidogo. Utaliangalia."

Moza alilibana daftari kifuani. Asubuhi ile ile, kabla ya kushuka kutoka paani, alikuwa amegundua kwamba boliti ya bawa la kushoto haikukaa sawa, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Saa nane mzee alifumba macho. Hakusinzia kama wazee wanavyosinzia, kichwa kikianguka kidogo kidogo. Alinyooka. Mkono wa kushoto ukashika hewa mbele ya kifua, wa kulia ukasukuma kitu taratibu kuelekea mbele, na miguu ikaanza kukanyaga, kulia, kushoto, kulia. Moza aliwajua marubani. Mtu huyu alikuwa anaruka.

"Tangu Jumatatu," Ranjanben alinong'ona. "Haamki hata nimwite. Daktari amekuja, anasema moyo ni mzima, ni uzee tu. Lakini tazama huku."

Akachukua kibakuli kabatini. Ndani yake mlikuwa na vishonanguo, zile mbegu nyembamba nyeusi zinazong'ang'ania suruali ukipita majanini.

"Nazitoa kwenye soksi zake. Moza, mume wangu hajatoka nje ya nyumba hii tangu Diwali."

Wakakaa wakimtazama. Dakika arobaini na nane zilipotimia mzee alivuta mkono tumboni, akapumua, akafungua macho. Alimtazama mkewe aliyeishi naye miaka hamsini na sita kwa heshima kubwa, kama mtu amtazamavyo mwenyeji asiyemfahamu. Na hakusema naye Kigujarati.

"Hujambo, mama?" alimsalimu. "Ignasi ameshawafunga mbuzi?"

Ranjanben alimpa maji, akamfunika miguu, akamvuta Moza jikoni.

"Leo hatanijua tena mpaka kesho," alisema. "Siku moja huenda, siku moja hurudi. Kesho saa tisa atafumbua macho aniite jina langu. Ignasi ni nani? Nimesahau."

Moza hakuwa amesahau. Miaka ya mafuriko, barabara ya kusini ilipokatika, Mzee Tulsidas alikuwa akipeleka dawa kwenye zahanati ya Namatimbo, ng'ambo ya Rufiji. Kulikuwa na kiwanja cha nyasi, na mlinzi wake, Ignasi, alikuwa akifyeka kwa mkono na kufukuza mbuzi ndege ikikaribia. Kutoka Kwa Msumeno mpaka Namatimbo, upepo ukiwa wa kawaida, ni dakika arobaini na nane.

"Alikuwa mlinzi wa kule, mama. Alifariki, sasa ni mwaka wa kumi na moja. Mzee ndiye aliyepeleka mbao za jeneza."

Kisha Moza akamweleza yote, saa ya injini, usukani, kivuli. Ranjanben aliegemea sinki. Nje mwuza mboga alikuwa anaita.

"Kwa hiyo ndiko anakokwenda," alisema. "Moza, nisikilize. Siogopi kufa kwake. Sisi ni wazee. Naogopa afe siku ambayo hanijui. Kesho akirudi, akishuka tu, ifunge ile ndege. Kata unachokata. Abaki huku na mimi, hata kama ni mwezi mmoja."

"Nitafanya hivyo, mama."

"Niahidi."

Moza aliahidi.

*

Jumamosi alikuwa juu ya paa mapema, koleo mfukoni. Aliikaza boliti ya bawa la kushoto. Aliufuata waya wa saa ya injini mpaka nyuma ya dashibodi, akaufunga utepe mwekundu ili asikosee. Ankit alimletea juisi ya miwa, na safari hii hakutania. Bibi yake alikuwa amemweleza. Haamini, alisema, ila atakaa naye.

Saa tano asubuhi simu ya Moza ililia. Ilikuwa picha kutoka kwa Safari, aliyekuwa mlinzi Kwa Msumeno. Matrekta mawili ya njano yalikuwa juu ya njia ya kurukia. Lami ilikuwa imebomolewa vipande kama mkate mkavu, na mitaro ya misingi imechimbwa kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Wameanza leo, dada," Safari aliandika. Moza aliitazama picha kwa muda mrefu, kwa uchungu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya msiba. Kisha akaiweka simu. Alilia kidogo. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Saa nane kamili tarakimu ilianza kupanda kutoka 4122.6. Kelele zikakatika. Ankit, aliyekuwa amesimama nje karibu na bawa, alitazama zege chini ya ndege, akarudi nyuma hatua tatu, akashika ukuta.

"Fundi," alisema. "Fundi, kivuli."

"Nakijua. Tulia."

Moza alikaa kiti cha kulia, koleo mkononi. 4123.0. 4123.2. Saa tisa kasoro dakika kumi na mbili namba ikatimia, 4123.4, naye akapeleka koleo kwenye utepe mwekundu, akisubiri kiti kitikisike.

Hakikutikisika. Usukani uligeuka kushoto, ukabaki hivyo. Ndege inayozunguka. 4123.5. 4123.6.

Hapo ndipo picha ya Safari ilipomrudia. Mzee alikuwa amerudi, na kiwanja hakipo.

"Kata!" Ankit alipiga kelele. "Umesema utakata! Kata!"

"Nikikata sasa yuko hewani!"

Alipiga simu Upanga. Ranjanben alipokea kabla haijalia mara ya pili. "Moza, hajashuka. Anasema maneno. Anakuita."

"Weka simu sikioni kwake, mama. Na wewe usikie pia, weka spika."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya Mzee Tulsidas. Haikuwa sauti ya kitini. Ilikuwa ile ya redioni, bapa, yenye utulivu, na nyuma yake mngurumo wa injini ambayo Moza mwenyewe aliifungasha kwenye kreti kwenda Arusha.

"Kwa Msumeno, Kwa Msumeno, hii ni Kozi, natokea kusini."

"Kozi, hapa Kwa Msumeno. Nakusikia."

"Moza! Ulikuwa wapi? Nimeita tangu mtoni. Kiwanja kimekuwaje? Naona mitaro. Naona matrekta juu ya lami yetu."

"Wameanza kujenga, mzee. Usishuke. Nenda uwanja mkubwa."

"Nimewaita mara tatu. Hawanijibu. Ndege kubwa imenipita karibu, Moza, karibu sana, abiria nawaona madirishani. Hakuna aliyenitazama."

Ankit alikuwa ameshafika mlangoni pa ndege. Alisikia, akafunika mdomo. Kisha akasema, "Namfuata daktari," akakimbilia ngazi, na Moza akasikia viatu vyake vikishuka, hatua baada ya hatua, sauti pekee iliyobaki ulimwenguni.

"Mafuta, mzee?"

"Kushoto robo. Kulia chini ya robo."

Moza alipiga hesabu. Dakika hamsini na kitu. Barabara zote za jiji hili zimejaa watu, fukwe zimejaa watu, na mzee yule kamwe hangeshuka juu ya watu. Zamani kulikuwa na shamba hapa, kiwanja cha kampuni pale, kipande cha misheni kule. Alivipitia kimoja kimoja kichwani na vyote vilikuwa na mabati juu yake.

"Kule ulikotoka kukoje?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Kule kuzuri. Ignasi amefyeka. Ananipungia kofia mpaka nipotee."

Sasa alisema Ranjanben, karibu na simu, taratibu. "Moza. Anaweza kushuka wapi?"

"Kule tu, mama."

"Na kesho atarudi?"

"Hatakuwa na mafuta ya kurudi. Na hana pa kurudi, mama. Wamechimba kote."

Moza alisikia pangaboi la sebuleni Upanga likizunguka darini, na injini. Usukani mbele yake uliendelea kuinama kushoto. 4123.9. Kisha Ranjanben akasema maneno ya Kigujarati, mengi, ya upole, yasiyomhusu Moza. Mzee alimjibu kwa lugha hiyo hiyo. Alimwita jina lake. Moza alilisikia wazi, "Ranjan," na kisha kicheko kifupi, cha kijana.

"Amenijua," Ranjanben alisema. "Amenijua, Moza. Mwambie aende. Asianguke."

Moza alifuta uso kwa mkono wenye grisi.

"Kozi, geuka kusini. Rudi Namatimbo."

"Nageuka kusini. Upepo wa kule unatoka wapi?"

Katika miaka yake yote bandani Moza hakuwahi kumpa rubani upepo ambao hakuuona kwa macho yake kwenye soksi. Alitazama nje. Juu ya paa hapakuwa na upepo wala sauti wala kivuli.

"Ni kusi," alisema. "Wa wastani. Shuka kutokea upande wa zahanati."

"Kusi, wa wastani. Asante, fundi. Bawa sasa limenyooka."

Usukani ukalala sawa. Mzee hakusema tena. Moza alikaa dakika zile zote bila kutikisika, simu ikiwa wazi pajani, akimsikia Ranjanben akiimba kwa sauti ya chini wimbo ambao Moza hakuujua. Daktari aliingia kule, Ankit akihema nyuma yake. Viti vikavutwa, mtu akaomba nafasi. Saa ilipofika 4124.7 usukani ulivutwa tumboni polepole, kwa ustadi, kama mzee alivyokuwa akishusha siku zake nzuri. Kiti kikatikisika mara moja tu. Kisha mwendo mrefu laini, kama tairi juu ya nyasi. Kisha Kariakoo ikarudi.

Kwenye simu Ankit alikuwa analia.

*

Walimchoma Jumapili, kwa desturi yao, na Moza alisimama nyuma pamoja na wafanyakazi wa dukani. Baadaye alipanda juu ya jengo kukusanya vifaa vyake. Waya wenye utepe mwekundu hakuukata. Alifungua daftari la safari akaandika mstari mmoja: tarehe, namba ya saa, mahali pa kutua, Namatimbo. Akasaini, na namba ya leseni yake chini.

Mgahawa Ankit hakuufungua. Mafundi wa vigae walifanya kazi siku mbili wakaondoka bila kuaga, kwa sababu kivuli cha Kozi hakikurudi tena, hata jua likiwa utosini, hata asubuhi vivuli vinapokuwa virefu. Mwisho Ankit aliifunika kwa turubai. Turubai lina kivuli. Hapandi tena huko.

Leseni ya Moza ilikwisha Novemba, naye hakuomba nyingine. Amekodi kibanda mtaa wa Gerezani, anatengeneza jenereta na pampu za maji, na kazi haimpungukii. Wateja humwita Mama Ndege bila kujua kwa nini.

Wiki iliyopita bajaji ilisimama mbele ya kibanda, akashuka Ranjanben, fimbo mkononi. Moza alimfutia kiti, akaagiza chai. Walizungumza habari za Ankit, za joto, za bei ya vitunguu. Kisha mama yule akaiweka chini glasi yake.

"Kuna neno linaninyima usingizi," alisema. "Siku ile ulimwambia upepo. Ulijuaje, nawe ulikuwa Mchafukoge?"

Moza angeweza kudanganya. Jenereta la jirani lilikuwa linanguruma, na kwa kitambo alilisikiliza, kama anayetafuta hitilafu.

"Nilikisia, mama."

Ranjanben aliegemea fimbo yake.

"Ulikisia sawa?"

"Sijui," Moza alisema. "Alitua vizuri. Hilo nililisikia. Lakini alitua kwenye upepo gani, mama, sijui."

Bibi yule aliitikia kwa kichwa taratibu, akachukua tena glasi yake, akanywa chai mpaka ikaisha.